Kukabidhi Zamu

Mwezi wa kwanza. Jua limekaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimetoa kiti cha plastiki, kile chenye mguu wa waya,
na daftari, na kalamu mbili:
nyeusi ya kuandika, nyekundu ya kukata.
Miaka thelathini na moja nilishika zamu Bombo;
kukabidhi nakujua. Nani kalala vipi,
nani apewe nini, nani tumtazame kwanza.

Tuanze na nyanya.
Nyanya zimenitukana.
Nilizipa samadi ya mbuzi wa Mzee Shekiondo,
nikazifunga vijiti kama watu waliovunjika mfupa,
nazo, siku mbili kabla ya kuiva,
zikaoza vitako.
Kata. Nitanunua Mgandini
kama watu wenye akili zao.

Bamia, sina neno.
Ukilala inazaa, ukisafiri inazaa,
ukichelewa siku mbili inakuwa kuni.
Ibaki. Matuta mawili lakini, si matatu;
mwaka huu tulifika mahali watoto wa jirani
wakiniona na kapu wanaingia ndani.

Mchicha sikuupanda.
Ulipukutisha mbegu wenyewe mwaka juzi,
ukaota panapofaa na pasipofaa,
hata ndani ya ndala moja iliyosahauliwa karoni.
Kuuandika humu ni kujipa cheo nisicho nacho.

Figiri: wadudu walikula majani, mimi nikala matundu.
Kata.

Pilipili mbuzi: mche mmoja unatosha mtaa mzima.
Nilipanda saba.
Sijui nilikuwa nagombana na nani.

Karoti.
Jamani, karoti.
Mwaka wa kwanza hazikuota. Wa pili ziliota nywele.
Wa tatu, ndio huu, nilivuta moja mbele ya watu,
Mama Kihiyo kasimama na sinia lake,
ikatoka kama kidole cha kichanga,
imepinda, ina miguu miwili na kitu katikati.
"Hongera," akasema, "wa kiume."
Wote wananiambia karoti ni ya Lushoto,
inataka ukungu na sweta,
huku Makorora udongo ni mchanga na jasho.
Nimeinua kalamu nyekundu.

Nairuka kwanza.

Bilinganya nilizipanda kwa ajili ya Mbwana.
Mimi zinaniwasha ulimi, tena zinakunywa mafuta kama lori.
Yeye alizitaka za kuchoma, ganda liungue,
chumvi, ndimu, basi.
Misimu minne tangu tumzike, bado nasia,
navuna, nagawa,
na sahani zangu zinarudi na maandazi, na dagaa,
mara moja na kipande cha sabuni ya mche.
Nusu ya mtaa nimewajua kwa bilinganya.
Sasa, kwa hesabu ya daftari,
mmea asioula aliyeupanda
uandikwe safu ipi?
Wodini kilikuwepo kitanda cha mwisho, karibu na dirisha,
cha yule aliyeishiwa dawa lakini hatumwambii aondoke.
Sikukipenda kitanda hicho.
Kila asubuhi nilianza nacho.

Nimekata.
Mstari mmoja, mwekundu, ulionyooka,
na tarehe, na sahihi, kama tulivyofundishwa.
Mbegu nimezifunga kwenye karatasi,
nikavuka uchochoro hadi kwa Mama Kihiyo.
"Zamu yako," nikamwambia.
"Safari hii sahani nitarudisha mimi."
Hakuuliza. Alizinusa, akazitia kwenye kopo la majani ya chai.

Jua limehama, kiti kinaanza kuunguza mapaja.
Nimerudi kwenye ule mstari nilioruka,
nikaandika kwa wino mweusi, herufi ndogo,
ili mtu akifungua asione upesi:

karoti, mara ya nne.
Mchanga upepetwe.
Kivulini mwa mpapai.
Siku ya kung'oa, asiitwe mtu.